Kisanduku Alichokiacha Kabula

Mwisho wa filamu ile niliuona miaka mitatu hivi kabla filamu yenyewe haijafika kijijini kwetu Mbingu. Niliuona umechorwa kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi za daftari la hesabu, na aliyeuchora alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja ambaye hakuwahi kuketi mbele ya runinga hata siku moja. Maji yalikuwemo. Paa la bati lilikuwemo. Msichana mwenye kengele ya ndama mkononi alikuwemo. Hata ule weupe wa mwishoni, uliolifanya banda zima la video lipige miluzi kwa kudhani diski imekwaruzika, ulikuwemo.

Nilikaa kimya na jambo hili kwa muda mrefu kwa sababu sikutaka kuonekana wa ajabu. Nalisimulia sasa kwa kuwa mama amefariki. Baada ya arobaini tulifungua tranka lake la bati, lile alilokuwa akitembea na ufunguo wake shingoni, na harufu ya dawa ya mende na vitenge vilivyokaa bila kuvaliwa ikajaa chumba kizima. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi, kilikuwemo kitabu cha katuni. Nilidhani kilichomwa zamani. Nilipokifungua nilikuta kitu ambacho nitakieleza mahali pake, lakini kwanza nieleze kitabu kilivyotufikia.

Mama alininunulia begi la shule la mtumba sokoni Ifakara. Kwenye mfuko wake wa nyuma, ule wa zipu, ndimo kitabu kilimokuwa kimekunjwa. Hakikuwa na jalada, na kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, na kati yetu hakuna aliyeweza kusoma zaidi ya neno moja moja. Shujaa wake alivaa kofia ya chuma iliyofunika uso wote, yenye mikunjo kama bati la kuezekea. Tukampa jina tulilolielewa: Baba Bati.

Tulikisomea kwenye dungu. Mpunga ukishaanza kutoa punje, watoto wa bondeni hupewa kazi ya kuamia ndege. Unapanda kwenye kibanda cha juu ya nguzo, una kombeo, una kamba ndefu zenye makopo, na kazi yako ni kelele tangu asubuhi mpaka kwelea warudi kwao. Kwenye mashamba yetu yalikuwa madungu matatu yaliyofuatana kuelekea mtoni. La kwanza alikaa binamu yangu Deo, la katikati nilikaa mimi, na la mwisho alikaa Kabula, binti wa mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa amekuja na ng'ombe wake kutoka Kanda ya Ziwa na kukodi shamba lililopakana na letu. Mpunga ulikuwa mrefu kiasi kwamba mtoto akishuka haonekani, na kule chini kulikuwa na nyoka na kulikuwa na njia za viboko. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu. Kila baada ya muda Deo anaita, "Upo?" Mimi najibu, "Nipo!" kisha nageukia mtoni na kuita, "Upo?" Kabula anajibu, "Nipo!" Sauti ya Kabula ndiyo iliyofunga hesabu. Ikishasikika, wazazi waliokuwa wakipalilia mbali waliendelea na kazi.

Jua likiwa kali na ndege wamejificha, tulikusanyika kwenye dungu langu na kufungua kitabu. Ni Kabula aliyegundua kilichokuwa kikiendelea.

"Skola, huyu yuko ndani ya maji," alisema.

"Maji gani? Hiyo si barabara? Hayo si magari?"

"Angalia mapovu."

Juu ya kichwa cha Baba Bati palikuwa na viduara vidogo vyeupe, kimoja juu ya kingine, kila kimoja kikubwa kuliko cha chini yake, vikipanda mpaka kwenye wingu lililoandikwa maneno. Siku hizi kila mtoto anajua kwamba ndivyo wachoraji wanavyoonyesha mtu anawaza. Kabula alikuwa anajua kitu kingine. Baba yake alimfundisha kusoma mapovu kabla ng'ombe hawajaingizwa mtoni, maana kiboko akitembea chini haonekani, ila mstari wa mapovu unapanda na kukuonyesha alipo.

"Ushaona mtu wa nchi kavu anatoa mapovu kichwani?" aliniuliza.

Deo alicheka mpaka dungu likatikisika. "Na hiyo pikipiki nayo inaogelea?"

"Haiogelei. Imezama."

Tukaangalia upya tangu ukurasa wa kwanza, na kila kitu kikakaa sawa. Shuka alilofunga Baba Bati shingoni lilielea nyuma yake kama kitenge kinavyoelea ukikifua mtoni. Nywele za wanawake zilisimama. Mlango ukipigwa, vipande vyake havikuanguka, vilining'inia. Tulikuwa tumeshangaa anawezaje kuruka kutoka ghorofa hadi ghorofa, kumbe alikuwa anapiga mbizi. Mji mzima ulikuwa umefunikwa na mafuriko, watu wake wakaendelea na shughuli zao kule chini bila kujua kwamba wameshakufa. Hivyo ndivyo tulivyokielewa kitabu kile, na kuanzia siku hiyo sikuweza kukifungua bila kuvuta pumzi kwanza.

Kuna jambo dogo ambalo ni lazima niliseme. Glavu za Baba Bati zilikuwa na vidole vinne. Kabula alisema watu wa majini wana vidole vinne, na alipochora mtu yeyote, hata mimi, hata mwalimu wetu, alimpa vidole vinne. Nilimbishia. Alinijibu, "Wewe subiri, utawaona."

Ukurasa wa mwisho uliobaki ulimwonyesha Baba Bati juu ya paa, amenyoosha mkono kuelekea ukingoni mwa picha. Kule alikokuwa akinyoosha mkono kulichanwa. Tulibishana kwa siku nyingi anamshika nani. Mwishowe Kabula aliomba karatasi za daftari langu, akachora yeye. Alichora polepole, kisanduku kimoja cha picha kwa siku, ulimi ukiwa umetokeza pembeni mwa mdomo. Maji yanapanda hadi kwenye paa la bati. Msichana amekaa kwenye kilele cha paa, mkononi amefunga kengele ya ndama. Baba Bati anamsukuma msichana kuelekea ng'ambo, yeye anazama. Kofia yake inabaki inaelea. Msichana anapanda ukingo wa pili, amegeuza mgongo. Kisha kisanduku cha mwisho, kikubwa kuliko vyote, amekipiga mistari kwa rula, na ndani yake hamna kitu.

"Na hiki?"

"Hiki sijakiona bado," alisema.

Nilizishona karatasi zile nyuma ya kitabu kwa sindano ya mama. Mama alitukuta, akachukua kitabu, akakipekua mpaka kwenye karatasi zile. Kabula alipiga magoti kumsalimu kama kwao walivyofundishwa. "Shikamoo, mama." Mama aliitikia, kisha akatuambia mimi na Deo, "Mnaona mtoto alivyo na adabu? Nyie mnasalimia kama mnafukuza kuku."

Mwaka uliofuata lilikuja tangazo kwamba mifugo itoke bondeni. Baba yake Kabula hakungoja. Mvua zilikuwa zimeshaanza na mto ulikuwa umeanza kupanda, lakini alisema akichelewa hatavuka kabisa. Asubuhi ya kuondoka Kabula alikuja nyumbani akikimbia. Alikuwa amefunga kengele ya ndama mkononi ili asiipoteze.

"Nipe kitabu niende nacho," alisema. "Nikimalizia nitakuletea."

"Ni changu. Kilitoka kwenye begi langu."

"Mimi ndiye niliyechora mwisho."

"Karatasi ni za daftari langu."

Alinitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma baadaye. "Basi nitarudi kumalizia," alisema.

"Utarudi lini?"

"Maji yakipungua."

Nilimsikia akiondoka kwa ile kengele, mpaka ikachanganyika na kengele za ng'ombe.

Baada ya siku nne au tano alikuja mama mmoja aliyekuwa akituletea samaki wa kukausha. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko, napepeta mchele.

"Wale Wasukuma wa jirani zako walivuka," alimwambia mama. "Ng'ombe wote salama. Ila kasichana kamoja kamechukuliwa na maji."

"Mungu wangu! Kaliteleza?"

"Hakakuteleza. Walikuwa wameshafika ng'ambo. Kakageuka kurudi huku."

"Kurudi kufanya nini?"

"Nani ajuaye? Wanasema kalidai kamesahau kitu."

"Kanaitwa nani?"

"Yule mzee ana mabinti watatu, mama Skola. Jina sikuuliza."

Ungo ulinitoka mikononi. Mama aligeuka akaniona, akaona na uso wangu, na nadhani alielewa kila kitu pale pale, maana usiku ule ule kitabu kilitoweka. Alisema amekitia motoni na nisikitaje tena. Sikukitaja. Lakini nilikuwa na miaka tisa na nilijua hesabu yangu. Kabula alisahau kitu kimoja tu upande huu, na kitu hicho nilimnyima mimi.

Msimu wa kuamia ulifika tena. Dungu la mwisho lilibaki tupu, makuti yake yakianza kulegea. Deo aliita, "Upo?" nikajibu, "Nipo!" na hesabu iliishia kwangu. Kwa wiki mbili mambo yalikuwa hivyo. Kisha mchana mmoja, jua likiwa utosini na ndege wamenyamaza, nilimjibu Deo halafu kwa mazoea nikageukia mtoni na kuita.

"Nipo!"

Ilitoka kwenye dungu la mwisho. Haikuwa ya huzuni wala ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtoto anayefunga hesabu ili wakubwa waendelee na kazi. Kule mbali nilimwona mama ameinuka na jembe lake, ameshika kiuno, akitazama upande ule. Aliweka jembe chini, akakatiza katikati ya mpunga akija kwangu, akanishusha kwenye dungu kwa mikono yake kama mtoto mchanga. Tangu siku ile sikuamia tena. Deo naye niliwahi kumuuliza alipokuwa mtu mzima, mwenye duka na watoto. Nilitaka akiri kwamba ulikuwa utani wake. Alisema, "Skola, mimi nilidhani ni wewe unatania."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja Deo alipokuja mbio kutoka barabarani, hana pumzi. "Baba Bati! Baba Bati yuko kwenye video!"

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Kwenye mlango wa banda la video palikuwa pamebandikwa karatasi ya diski, na kofia ya mikunjo ilikuwa pale pale, haina kosa. Tukaingia. Banda lile lilizibwa kwa magunia ili mwanga usiingie, filamu ilimulikwa kwenye kitambaa kilichotundikwa mbele, jenereta lilikuwa linanguruma nje, na harufu yake ya petroli ilichanganyika na jasho na karanga. Filamu ilikuwa imetafsiriwa, maana yake kulikuwa na mtu mmoja ambaye sauti yake ilizungumza Kiswahili juu ya sauti za wote, wanaume na wanawake na watoto, na pale asipoelewa akaongeza mizaha yake. Watu walipenda. "Mpige! Mpige kichwa!" walipiga kelele. Mzee mmoja mbele yangu alimsifia Baba Bati kwa sauti, "Huyu angekuwa kwetu, viboko wangehama."

Mimi nilikuwa nimekasirika. Pale mbele Baba Bati alitembea barabarani, kavu kabisa. Alipanda pikipiki na vumbi likatimka. Hapakuwa na povu hata moja. Deo alinisogelea akaninong'oneza, "Kabula wako alitudanganya." Nilitamani kumpiga. Niliona aibu kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo kujitetea.

Kisha, filamu ikiwa inaelekea mwisho, ukuta mmoja mkubwa ulipasuka na maji yakaingia mjini.

Sitaki kuongeza chumvi, kwa hiyo naandika nilichokiona tu. Maji yalipanda mpaka kwenye paa. Paa lilikuwa la bati. Msichana alikuwa kwenye kilele chake, na mkononi alifunga kengele ndogo. Baba Bati aliogelea kuelekea kwake, shuka likielea nyuma yake, na kutoka ndani ya kofia yake yakapanda mapovu, madogo kisha makubwa. Kiza kilimficha msichana, Baba Bati akaita, na sauti ya mtafsiri ikasema, "Upo?" Kisha sauti ile ile, akiibana iwe ya kike, ikajibu, "Nipo!" Deo alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama samaki. Msichana akasukumwa ng'ambo, kofia ikabaki inaelea, msichana akapanda ukingo akiwa amegeuza mgongo, na kabla hajageuka, kitambaa cha mbele yetu kikawa cheupe chote.

Banda lililipuka. "Diski imekwaruzika!" "Rudisha nyuma!" "Wewe fundi, futa hiyo kwa shati!" Mwenye banda alirudisha, ikawa vile vile. Akarudisha tena. Mzee wa mbele yangu aliondoka akilalamika kwamba filamu gani isiyo na mwisho, mtu hujui yule mtoto alifika au hakufika. Mimi nilibaki nimekaa mpaka jenereta likazimwa, nikitazama kitambaa kile cheupe, na kwa akili yangu ya wakati ule niliona jambo moja wazi. Kabula alisema hajakiona kisanduku cha mwisho. Na hawa waliotengeneza filamu pia walikuwa hawajakiona.

Nimekwisha kuwa mtu mzima, na nimefanya kile ambacho mtu mzima anaweza kufanya. Nimekitafuta kitabu kamili, nikakipata. Kurasa zile zilizochanwa zinaonyesha kituo cha treni. Baba Bati ananyoosha mkono kumshika adui wake anayetaka kuruka, wanapigana, adui anakamatwa, kofia inavuliwa. Hakuna maji. Hakuna paa la bati. Hakuna msichana. Yote yale ya mwisho yaliongezwa na waliotengeneza filamu, na mpaka leo ukiingia mtandaoni utakuta wapenzi wa kitabu wakiwalaani kwa hilo. Wengi huuliza swali moja: maji yametoka wapi? Mmoja aliandika kwamba mwisho ule umebuniwa na mtu ambaye hakuwahi kusoma kitabu. Nilitaka kumjibu. Niliandika, nikafuta.

Najua wanavyosema wenye busara. Mafuriko ni kitu cha kawaida, mapaa ni ya kawaida, watengenezaji filamu wanapenda msichana wa kuokolewa. Kengele huenda niliiongeza mwenyewe kichwani. Nilikwenda kuitazama tena, si mara moja. Kengele ipo.

Sasa nirudi kwenye tranka. Kitabu hakikuwa na alama ya moto. Karatasi zangu za hesabu zilikuwa bado zimeshonwa nyuma, uzi ule ule. Nilizifungua kisanduku baada ya kisanduku, nikijua nitakachokikuta mwishoni, yaani mistari minne ya rula na weupe ndani yake.

Kisanduku cha mwisho kimechorwa.

Ni kalamu ya bluu. Msichana amesimama ng'ambo, amegeuka, anatutazama, mkono mmoja ameuinua juu. Kengele iko kwenye mkono huo. Uso una macho na mdomo, lakini ni uso ambao mtoto angeweza kuuchora na mtu mzima asiyejua kuchora angeweza pia. Mama hakuwa mtu wa kuchora. Kalamu aliishika akitakiwa kuweka sahihi, basi. Wala hakuwahi kuniambia neno, na aliniona nikilibeba jambo hili tangu nikiwa na miaka tisa.

Nilimuuliza mama yake Deo, ambaye nyumba yake inatazamana na yetu. Alisema wakati nilipokuwa shule ya bweni alikuja msichana mgeni, mkubwa kidogo, amebeba mtoto mgongoni. Aliulizia nyumba ya mama Skola. Walikaa ndani na mama mpaka alasiri.

"Alikuwa nani, mama mkubwa?"

"Sikumuuliza, mwanangu. Ila alinisalimia kwa kupiga magoti."

Mabinti wa yule mzee walikuwa watatu. Wawili walibaki, na wote wangepiga magoti. Mmojawapo angeweza kuwa Kabula mwenyewe, aliyekuja kumaliza kazi yake. Mmojawapo angeweza pia kuja kusema kwa nini mwenzao aligeuka, na mama akaona ni afadhali habari hiyo iishie kwenye tranka, chini ya ufunguo wake.

Kabula alichora vidole vinne, vya watu wa majini, kila mara, kwa kila mtu. Kwenye visanduku vyote vya karatasi zile ni vinne. Nimekipeleka kitabu dirishani mchana, nikavihesabu vya ule mkono ulioinuliwa, nikavihesabu tena kesho yake. Ni vitano.